Kama hujui jina lake, usimbatize

Leo nakuja kukiri dhambi kwanza, halafu nitoe maoni.

Kuna wakati nilipost picha ya zamani: glaida imetulia kwenye nyasi, vijana wamesimama kando na suruali zao za kizamani. Nikaandika juu, "Ujerumani, 1920, mashindano ya kwanza ya glaida." Ikasambaa vibaya sana. Nilikuwa najiskia profesa, na chuo niliacha mwaka wa pili.

Halafu mzee mmoja akanitumia ujumbe mfupi: "Kijana, angalia chini ya tumbo la hiyo ndege."

Nikazoom. Mipira. Manze, mipira ya ngozi, tatu, imetokeza chini mahali pa magurudumu. Hiyo ni Vampyr, glaida ya wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Hannover. Na Vampyr ilionekana mashindanoni mara ya kwanza 1921. Kwa hivyo picha yangu haiwezi kuwa ya 1920. Nilikuwa nimedanganya maelfu ya watu na uso mkavu.

Wacha niwape stori kidogo. Baada ya Vita vya Kwanza, mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani kwa mambo ya ndege za injini. Vijana wakaamua basi, turuke bila injini. Oskar Ursinus, mhariri wa gazeti la Flugsport, akawaita 1920 kwenye mlima Wasserkuppe, mita 950. Wolfgang Klemperer akashinda kwa ndege iliyoitwa Schwarzer Teufel, yaani Shetani Mweusi, akikaa hewani dakika mbili na kidogo. Miaka miwili tu baadaye, Agosti 1922, Arthur Martens akakaa zaidi ya saa moja na Vampyr, na mwezi huo huo Hentzen akapita saa tatu. Kutoka dakika hadi masaa! Ndiyo maana mwaka kwenye picha si kitu kidogo. Ukikosea mwaka mmoja, umeharibu stori yote.

Na usiniambie "lakini mlima unaonekana." Oktoba 1922 Waingereza nao walifanya mashindano yao Itford Hill. Huko pia ni kilima cha nyasi, upepo, na watu wamevaa kofia. Mlima peke yake haukupi jibu.

Maoni yangu ni haya: anza na chuma, mtu baadaye. Angalia mabawa yamekaa juu au chini ya mwili wa ndege. Angalia inatua na nini. Angalia namba ya mashindano kama imepakwa. Geuza picha, soma mgongo wake. Ukishajua ndege, unajua haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka gani. Hapo ndipo unaweza kuuliza, huyu jamaa ni nani?

Na ukikosa jibu, acha wazi. Andika "hajulikani." Si aibu.

Kwa nini nasumbua na hii? Kwa sababu 1920 hiyo hiyo, Eugen von Loessl alianguka na glaida yake pale Wasserkuppe akafa. Fikiria mtu anachukua sura ya kijana mwingine kabisa na kuiandika jina la marehemu, ati kwa sababu post bila jina haipati likes. Umewaibia wawili: mmoja umempa kifo kisicho chake, mwingine umemnyima sura yake. Na uongo ukishashea mara elfu, hata anayejua ukweli ataonekana ndiye mwongo.

Nikiwa bado na hiyo aibu nikafungua albamu ya shosho. Picha kumi na kitu, nyuma hakuna hata herufi moja. Nikamuuliza, huyu ni nani? Akacheka, akaanza kutaja majina moja baada ya jingine, mimi naandika na penseli nikibonyeza polepole. Kwa picha moja alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Huyu nimemsahau."

Nikaandika hivyo hivyo: shosho amemsahau. Sikumbatiza.

Nanyi pia, wikendi hii, kaeni na wazee wenu na penseli. Ile picha yangu nimeshairekebisha, na kosa langu nimeliacha hapo juu mlione.