Ushuhuda wa Mtu Mmoja Hautoshi



Mwezi huu tunajibu ulizo linalorudi mara kwa mara, kwa wazazi na kwa vijana: "Mchungaji, munganga aliniandikia kinini za ugonjwa wa sukari, eti nitazimeza maisha yote. Lakini sokoni kuna mutu anauzisha dawa ya majani, na watu wanashuhudia kwamba iliwaponyesha. Nifuate nani?"

Wanaoshuhudia, si wote wanadanganya. Mtu anaweza kusema kweli yote anayoijua na bado akapotosha wengine. Angalia: sukari ya damu inapanda na kushuka. Mtu akisikia ni mgonjwa, anapunguza bugali, anaacha pombe na soda, anaanza kutembea kwa miguu. Pengine kinini za munganga bado anazimeza kwa siri. Sukari ikishuka, anasifu majani. Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo: wale walioacha kinini na wakafa hawasimami mbele ya watu kushuhudia. Tunasikia upande mmoja tu.

Basi munganga anajua namna gani? Kwa kulinganisha. Munakumbuka Danieli na wenzake kule Babeli: siku kumi za mboga na maji, kisha wakatazamwa pamoja na vijana waliokula chakula cha mfalme. Msimamizi hakuombwa aamini neno tupu. Aliombwa alinganishe.

Wanganga wa leo wameongeza jambo moja: kura. Na mfano wake uko hapa kwetu. Wakati wa Ebola, mwezi wa 11 mwaka 2018, jaribio la dawa nne lilianza Beni, likaendelea Butembo, Katwa na Mangina. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe. Kila mgonjwa aliyekubali alipata moja ya zile dawa nne, na kura ndiyo iliyoamua ni ipi. Juu ya nini kura? Juu ya munganga asiwape wenye nguvu dawa anayoipenda, na wanaokaribia kufa ile nyingine. Kura haina upendeleo.

Wagonjwa walikuwa 681. Dawa iliyotumainiwa mbele, ZMapp, ilikuwa imekwisha kujaribiwa Afrika ya Magharibi. Lakini hesabu ilipofanywa, kwa watu 100 waliopata ZMapp karibu 50 walikufa. Kwa MAb114, iliyotokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, walikufa 35. Kwa REGN-EB3 karibu 34. Mwezi wa 8 mwaka 2019 jaribio likasimamishwa, na toka siku ile wagonjwa wakapewa zile mbili zilizoshinda. Bila kulinganisha, tungaliendelea kusifu ile ya kwanza!

Sasa turudi kwenye sukari. Ebola inaonyesha matokeo yake kwa siku chache. Sukari inaua polepole: inaharibu macho, mafigo, miguu, moyo. Kwa hiyo jaribio lake linaomba uvumilivu wa miaka.

Uingereza walivumilia. Mwaka 1977 Profesa Robert Turner wa Oxford na wenzake walianza kufuata wagonjwa wapya wa sukari, watu 5,102 katika hospitali 23. Matokeo yalitoka mwaka 1998. Kati yao kulikuwa wagonjwa wanene 753. Kwa kura, 411 waliachwa kwanza wachunge chakula tu, na 342 wakapewa metformini, kinini ambayo wengi wenu munaijua. Walifuatwa kama miaka 10. Kwa wale wa chakula tu, walikufa 89, ni kusema karibu 22 kwa 100. Kwa wale wa metformini walikufa 50, ni kusema karibu 15 kwa 100.

Uone vizuri, mpendwa msomaji. Metformini haikuzuia kila kifo. Wako walioimeza na wakafa, wako wasioimeza na wakaishi. Ungesikia mmoja mmoja, ungechanganyikiwa. Lakini kwa 100, watu kama 7 zaidi walibaki na jamaa zao. Hiyo ndiyo nguvu ya dawa: haipigi kelele, inaonekana katika hesabu.

Tena wale wanganga walichapa hata jambo lisilopendeza. Katika sehemu nyingine ya jaribio, wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa ya sukari ya aina nyingine waliongezewa metformini mapema, na vifo vyao vilizidi vya wale wasioongezewa. Hawakuficha. Wengine wakalichunguza jambo hilo zaidi. Muuza dawa sokoni, je, amekwisha kukuambia juu ya waliokufa?

Na je, sukari ikishuka, si inatosha? Hapana. Metformini ilikuwa na ndugu yake, jina lake fenformini. Ilishusha sukari vizuri. Lakini ilijaza damu ya wengine asidi, na watu wakafa. Katika miaka ya 1970 nchi nyingi ziliiondoa, Marekani mwaka 1977. Kushusha sukari ni jambo moja. Kumuweka mtu hai ni lingine.

Basi tufanye nini?

1. Usiache kinini kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri pengine juu ya zile kinini. Ukitaka kubadili, ongea na munganga kwanza.

2. Usiazime dawa ya jirani. Metformini haifai kwa mtu ambaye mafigo yake yameharibika sana. Na mtoto au kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini, kinini hazitachukua nafasi ya sindano. Akiacha sindano, anaweza kufa kwa siku chache.

3. Tukiombea mgonjwa, tusimwambie atupe dawa. Anayesema amepona aende apimwe, na munganga ndiye aseme.

4. Kijana, kwenye machimbo kila juma anafika mwenye chupa mpya. Mwulize maulizo matatu: Walijaribu kwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Wangapi walikufa? Akikosa jibu, weka franka zako mfukoni.

Majani mengine yana nguvu, sikatai. Metformini yenyewe ina asili katika elimu ya mmea mmoja wa Ulaya uliotumiwa zamani, na Daktari Jean Sterne wa Paris ndiye aliyetangaza mwaka 1957 kwamba inasaidia wagonjwa wa sukari. Lakini ilibaki miaka mingi zaidi kabla ya kujulikana kama inaokoa maisha. Majani ya kwetu nayo yapimwe vilevile, na yale yatakayoshinda tutayameza kwa shukrani. Mpaka hapo, mama, baba, meza kinini yako ya leo.