Magunia Manne ya Njemke

Mwezi huu mtanivumilia kidogo. Nimekuja na jambo lililonisumbua kichwa muda mrefu. Si la mapenzi moja kwa moja, lakini nusura livunje uchumba wangu, kwa hiyo nadhani linastahili kukaa kwenye ukurasa huu.

Wengi mnanijua kama yule binti wa chuo anayeuza mchele. Ndiyo, ni mimi. Nasoma biashara hapa Mbeya, na nyumbani kwetu ni Ikolo, kule bondeni Kyela. Nilianza nikiwa mwaka wa pili. Boom ilipotoka, wenzangu walinunua simu, mwenzenu nikanunua mpunga wa gunia moja na nusu nyumbani, nikaukoboa, nikaupakia kwenye mifuko ya kilo tano na kuwauzia walimu na wanafunzi wenzangu. Si unajua mchele wa Kyela, jirani akipika unajua kwa harufu. Sokoni mchele wa kutoka kwingine unapewa jina hilo hilo kila siku, sasa mteja akipata ule wenyewe kutoka kwa mtu anayemfahamu, harudi nyuma. Gunia moja likawa matatu, matatu yakawa manane.

Niliona kabisa kwamba Mungu yumo. Niliwaambia vijana wenzangu kanisani kuwa ujasiriamali ni ibada, kwamba Lidia wa kwenye Matendo ya Mitume aliuza vitambaa vya zambarau na nyumba yake ikawa kanisa. Nilitoa fungu la kumi bila kukosa. Nilikuwa na jibu la kila swali.

Sasa sikilizeni.

Februari mwaka jana nilishuka nyumbani. Kwa msiokujua Kyela, Februari ni mwezi mgumu. Mpunga uko shambani bado mbichi, ghala limekwisha, na mavuno ni Mei kwenda Juni. Kila mwenye shida mwezi huo anakuwa na kitu kimoja tu cha kuuza: zao ambalo halijaiva. Kwetu biashara hiyo ina jina, inaitwa njemke. Unampa mkulima hela leo, unachukua mpunga au kakao wakati wa mavuno, kwa bei mliyopatana siku ile ya shida. Viongozi wanaikemea kila msimu, na kila msimu inafanyika.

Jioni moja akaja mama jirani. Huyu mama amenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nikapiga goti kumsalimia kama ilivyo kwetu, akakaa kwenye mkeka, akazungumza habari za mvua, habari za chuo, mpaka mwisho akalitoa. Mume wake alitakiwa kufanyiwa upasuaji. Walipungukiwa shilingi 160,000. Akasema mwenyewe, "Mwanangu, nipe hiyo, nitakupa magunia manne tukivuna."

Kwa haraka nikapiga hesabu. Shilingi 40,000 kwa gunia. Wakati wa mavuno nilitarajia gunia la mpunga lisiwe chini ya 100,000. Nikasema moyoni, Mungu wangu, umenifungulia mlango! Na mama anasaidika, na mimi napata. Nikamhesabia hela palepale. Akanishika mikono yote miwili, "Ndaga fijo, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mzee alipasuliwa, akapona. Hapo hakuna ubaya.

Aprili mvua ikanyesha ile ya kwetu, ya kufanya mito iingie mashambani. Sehemu ya shamba la mama ikasombwa. Mwaka wa kawaida anavuna magunia kumi na mbili, mwaka ule alivuna saba. Nilipofika mwanzoni mwa Juni na mkokoteni, alikuwa ameshayatenga manne, yamefungwa vizuri, yamepangwa ukutani. Hakulalamika. Watoto wake walinisaidia kuyapakia. Yalibaki matatu kwa nyumba ya watu sita.

Hata hapo, jamani, sikushtuka. Nilishtuka kesho yake.

Ilikuwa Jumapili ya shukrani ya mavuno. Nilikuwa na bahasha yangu yenye shilingi 24,000, fungu la kumi la faida ya 240,000. Wakati wa matangazo mzee wa kanisa akaniita mbele, akaniambia nigeuke, akasema vijana watazameni hawa, binti anasoma na anafanya biashara na anamkumbuka Mungu. Watu wakapiga makofi. Mama jirani alikuwa benchi la tatu, na yeye alipiga makofi, kwa nguvu, kama mzazi. Kisha ukafika wakati wa kutoa, akasimama na beseni dogo la mpunga, akalileta mbele. Mpunga wa kutoka kwenye yale magunia matatu.

Nilirudi kukaa na ile bahasha mkononi. Sikuiweka.

Usiku nikafungua Biblia kutafuta faraja. Nikaenda kwenye mfano wa talanta, Mathayo 25, kwa sababu ule ndio wimbo wetu sisi wajasiriamali wa kanisani: zalisha, usifukie. Lakini safari hii jicho langu likakwama kwa yule mtumishi wa tatu, anayemlalamikia bwana wake kwamba huchukua mazao ya shamba asilolima. Siku zote nilimwona mvivu tu. Usiku ule nilijiuliza, yeye alisema uongo juu ya bwana wake, je, mtu akisema hivyo juu yangu itakuwa uongo? Nikaenda Walawi 25. Kule kuna agizo ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa kwenye semina ya ujasiriamali: anayenunua shamba kwa ndugu yake alipe kulingana na hesabu ya mavuno yaliyobaki, asimpunje. Halafu Nehemia 5, watu wameweka mashamba rehani kwa sababu ya njaa, na Nehemia anawakasirikia wakopeshaji, ndugu zao wenyewe, mpaka wanarudisha.

Yaani mimi niliyekuwa nikiwacheka wenye mikopo ya kausha damu, nilikuwa nimetoa 160,000 na kuchukua mali ya 400,000 kwa miezi minne. Hata kausha damu wangenisalimia kwa heshima.

Nikampigia mchumba wangu. Yeye ni wakala wa kutuma na kutoa pesa pale Mbeya, na hela yetu ya harusi tunaiweka pamoja. Nikamwambia nataka kurudisha mpunga. Akanyamaza, halafu akasema, "Makubaliano ni makubaliano. Wewe si benki, wewe si hospitali. Alikuja mwenyewe, bei alitaja mwenyewe. Na hiyo hela si yako peke yako, ni ya harusi yetu."

Tukagombana. Si ugomvi wa sauti, ule mwingine, wa "sawa" na "poa" kwenye meseji kwa siku tisa. Na ukweli niuseme: alikuwa na hoja. Kama ningekataa kumpa mama ile hela Februari, mzee asingepasuliwa. Kununua mapema kulimwokoa mtu.

Aliyenisaidia kufikiri ni mwenzangu wa chumbani, binti wa Kiislamu kutoka Tanga. Nilipomsimulia akacheka, "Kumbe na nyinyi mna njemke? Sisi kwetu hayo yana sheria." Akanieleza kuwa katika Uislamu kulipia mazao kabla hayajafika kunaruhusiwa, kunaitwa salam, na watu wa Madina walikuwa wakilipia tende mwaka au miwili kabla. Lakini kuna masharti: kipimo kijulikane, aina ijulikane, siku ijulikane, na bei ilipwe yote mwanzoni. Na haifai kuuza matunda ya mti fulani kabla hayajaonyesha kupevuka, kwa sababu yakiharibika, utaichukuaje mali ya mwenzio bure?

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifungua macho. Kulipa mapema si dhambi. Tatizo letu lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza bei: niliipata kwa sababu ya kitanda cha hospitali, si kwa sababu ya soko. Pili, mvua: mafuriko yalipokuja, hasara yote ilikaa kwa mama na faida yote ilikaa kwangu. Nilijiita mshirika wake, kumbe shamba lilipozama mimi nilikuwa nimekaa pakavu.

Wenye kakao wanaielewa habari hii kuliko wote. Mavuno yalipokuwa mabaya Ghana na Ivory Coast, nchi ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, bei ya soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwezi Machi 2024, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Aliyekuwa ameshauza kakao yake ikiwa mtini aliitazama bei hiyo kama mtu anayetazama harusi ya mchumba wake wa zamani. Mwaka 2025 bei ikaporomoka tena sana. Kwa hiyo hata mnunuzi anaweza kuumia, sikatai. Lakini mnunuzi huumia akiwa na akiba. Mkulima huumia akiwa na watoto mezani.

Siku ya kumi nikashuka Ikolo. Mchumba wangu akanipigia nikiwa tayari kwenye Koasta, tunateremka kutoka Tukuyu joto likianza kupanda, akauliza niko wapi. Nikamwambia. Akakata simu. Saa moja baadaye akatuma meseji: "Nisubiri Kyela mjini, huwezi kubeba magunia peke yako."

Nilipanga kurudisha magunia mawili. Mama akakataa katakata. "Mimi nilikupa neno langu. Unataka watu waseme sikulipa deni?" Hapo nikajifunza jingine, kwamba hata wema ukiuleta vibaya unamvua mtu heshima. Ni mchumba wangu, huyo huyo wa makubaliano ni makubaliano, aliyepata njia. Akasema, "Mama, basi usichukue kama msaada. Magunia mawili ni yako, sisi tunakutunzia. Tutayauza Januari bei ikipanda, utatulipa sehemu ya kumi kwa ghala na usafiri." Mama akafikiri, akakubali. Biashara aliielewa.

Januari mwaka huu gunia lilifika 150,000. Mawili yakatoa 300,000. Sehemu yetu ilikuwa 30,000, lakini sikuikata. Kwa nini? Kwa sababu yale mawili yaliyobaki kwangu yalikuwa na thamani ya 200,000 siku ya mavuno, na mimi nilitoa 160,000. Hiyo ni asilimia 25 kwa miezi minne, bado ni kubwa kwa mtu aliyekuwa hospitali. Je, sasa tuko sawa mbele za Mungu? Nilimuuliza mama, akacheka tu, akaniambia nimalize shule.

Msimu huu wamama watano wameniletea mpunga wao kuutunza hadi bei ipande. Kila mmoja ana ukurasa wake kwenye daftari, kilo zimeandikwa, na nakala anabaki nayo. Si wazo jipya, serikali ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu 2005 kwa shida hii hii, mkulima asilazimike kuuza siku ya bei mbaya. Mimi nafanya kidogo kwa kiasi cha chumba kimoja. Anayepata shida Februari namkopesha, na anarudisha hela, si mpunga. Faida yangu imepungua. Harusi tuliyopanga Desemba mwaka jana imesogea, na mama mkwe bado hajaniambia anachofikiri.

Kwetu Unyakyusa wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891. Nilikuja kusoma kwamba huko walikotoka, Herrnhut, Ujerumani, alikuwapo mfanyabiashara wa ushirika huo, Abraham Dürninger, aliyeanza kuendesha duka pale mwaka 1747, na anakumbukwa kwa kuuza kwa bei moja kwa kila mteja, awe mjanja au mjinga, mwenye haraka au asiye na haraka. Nilitamani kama ningeijua habari hiyo kabla ya ile Februari. Tulirithi nyimbo na makanisa, hiyo ya dukani sijui iliangukia wapi njiani.

Wewe na mwenzi wako mkiwa na kamtaji kenu, kabla hamjasema Mungu amefungua mlango, kaeni jioni moja mjiulize matatu. Bei hii nimeipata kwa akili yangu, au kwa shida ya mtu? Mambo yakiharibika, nani analala njaa? Na je, naweza kuisimulia dili hii kanisani au msikitini, na yule niliyefanya naye akiwa amekaa benchi la tatu?

Ile bahasha ya 24,000 niliiweka mwezi wa saba. Nilikuwa nimeifungua na kupunguza, kwa sababu faida haikuwa tena 240,000. Ilikuwa na shilingi 4,000. Hakuna aliyeniita mbele, na niliimba vizuri siku hiyo.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.