Mshika Mbili Hushikiwa Moja

Miaka minne iliyopita niliketi mbele ya watu watano katika chumba cha mikutano hapa mjini Isiolo, nikiomba kuongoza idara ya teknolojia ya habari ya taasisi niliyokuwa nimeifanyia kazi miaka sita. Waliniuliza kuhusu mtandao, usalama wa data, bajeti. Nikajibu. Kisha mzee aliyekuwa mwenyekiti akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole wa mzazi: "Sasa mama, mitambo ikizimika usiku wa manane, watoto utawaachia nani?" Mwenzake akaongezea, bila ubaya wowote usoni, kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Wanaume wawili waliohojiwa kabla yangu wana watoto saba kwa jumla. Niliwauliza baadaye. Hakuna aliyeulizwa swali hilo.

Methali hiyo nimeisikia mara nyingi tangu siku ile: harusini, kwenye foleni ya benki, hata kwa wanawake wenzangu wanaonitakia mema. Imani iliyo ndani yake ni kwamba uongozi wa teknolojia unataka mtu aliye huru usiku na mchana, na mwanamke mwenye nyumba akiutamani, ama kazi itaharibika ama watoto wataharibika. Wanaotaka kumsaidia humshauri ajifunze kusawazisha: apange ratiba, aamke alfajiri, asilalamike. Naipinga imani hiyo, na ushauri huo naupinga pia, kwa sababu vyote viwili vimesimama juu ya uongo mmoja, kwamba wapo watu walioshika moja tu. Hawapo. Yule mkurugenzi mwanamume anayekaa ofisini hadi saa tatu usiku ameshika mbili vilevile. Ana kazi na ana watoto. Ya pili haijamponyoka kwa sababu kuna mtu anamshikia.

Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, lilipima jambo hili katika utafiti wake wa matumizi ya muda wa mwaka 2021. Mwanamke wa Kenya aliyetimiza miaka 15 hutumia takriban saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa. Mwanamume hutumia chini ya saa moja. Saa hizo tatu na nusu na ushei, kila siku ya Mungu, ndizo tunazoziita "kujitolea kazini" inapofika zamu ya kupandisha watu vyeo.

Anayebisha kwamba mwanamke hawezi kuendesha shughuli ya teknolojia huku akilea, na aamke mapema siku moja aende wanakopokea maziwa ya ngamia hapa mjini. Pikipiki zinaingia kutoka upande wa Burat na Kulamawe, mitungi ya plastiki imefungwa kwa mipira kila upande. Wanawake wa ushirika wa Anolei, wengi wao Wasomali, wamekwisha fika. Nilimtazama mmoja wao juzi. Alifungua mtungi, akanusa kifuniko, akamimina tone kiganjani akaonja, akautenga mtungi ule kando. Simu alikuwa ameichomeka ndani ya mtandio, imekaa sikioni, na mikono yote miwili iko huru. Alikuwa akibishana bei na mnunuzi wa Eastleigh, Nairobi. Kabla mwenye pikipiki hajageuza chombo chake, pesa za mfugaji zilikuwa zimekwisha tumwa kwa M-Pesa. Mtoto wa miaka kama mitatu alikuwa amelala nyuma yake juu ya gunia.

Mama huyo anasimamia baridi ya maziwa yanayochacha upesi, usafiri wa karibu kilomita 285 hadi Nairobi, malipo ya simu, mikopo, na wauzaji ambao wengine hajawahi kuwaona uso kwa uso. Stima ikikatika, hasara ni yake. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wachumi walipaswa kuja kujifunza kwa watu kama yeye jinsi chombo kile kingetumika mahali ambapo benki iko mbali na malisho. Mbona yeye haulizwi watoto anamwachia nani? Haulizwi kwa sababu kazi yake haina cheo, haina gari la ofisi, haina marupurupu. Swali la watoto huja pamoja na mshahara.

Wapo watakaosema ni mila zetu sisi watu wa kaskazini. Isiolo hii hii ilimchagua Fatuma Dullo kuwa seneta mwaka 2017, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza nchini kuingia Seneti kwa kura za kaunti zao, na mwaka 2022 ikamrudisha. Wazee walipiga kura hiyo. Mila isisingiziwe. Na asiseme mtu kwamba teknolojia ni tofauti na siasa: Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 wakati nchi inaungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi na ikaja kutumika duniani kote, imeongozwa kwa nyakati mbalimbali na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Angela Oduor Lungati.

Sasa nirudi kwenye usiku wa manane, maana hapo ndipo hoja yao inapoegemea.

Mtangulizi wangu alikuwa fundi hodari na mtu mwema. Siku nyingi alilala ofisini, godoro lake limeegemezwa nyuma ya kabati la seva, na kila mwisho wa mwaka alisifiwa mbele ya wafanyakazi wote. Nywila zote zilikuwa kichwani mwake. Siku moja akaenda mazishini upande wa Merti, simu yake ikawa haipatikani. Stima ikakatika, ikarudi kwa kishindo, na mfumo wa malipo ukafa. Watu walipanga foleni siku mbili wakiambiwa warudi kesho, mpaka aliporudi yeye. Hakuna aliyesema kwamba familia imemzuia kufanya kazi, ingawa ndiyo iliyomzuia, na alikuwa na haki kabisa ya kuzika mtu wake.

Mimi nilipopewa kiti, mwanangu wa mwisho alikuwa na miezi kumi na mmoja. Kulala ofisini kusingewezekana. Kwa hiyo mwezi wa kwanza nilinunua daftari kubwa la jalada gumu, nikaandika kwa mkono, hatua kwa hatua: swichi ipi izimwe kwanza, jenereta isubiriwe dakika ngapi, seva ipi iamshwe kabla ya ipi, nani apigiwe simu na nani asisumbuliwe. Nywila zikawekwa katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sefu, na kuifungua kunataka sahihi mbili. Nikafundisha vijana watatu, nikaweka zamu za usiku. Mmoja wao, kijana wa Oldonyiro, aliondolewa kwenye zamu mkewe alipojifungua, akapewa wiki zake mbili kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyomtambua baba. Alishangaa. Hakujua kuwa ana haki hiyo, na waliomtangulia katika ofisi ile hawakuwahi kuidai.

Mfumo unaoweza kufufuliwa na mtu mmoja tu ni mfumo mbovu, hata kama mtu huyo hasinzii. Asiyeweza kukesha hulazimika kuandika, kufundisha na kugawa kazi, na hizo tatu ndizo zinazomtofautisha kiongozi na fundi. Sisemi wanawake wamezaliwa na kipaji hicho. Mwanamume yeyote anayetakiwa nyumbani saa kumi na mbili jioni angeyafanya hayo hayo. Tatizo ni kwamba hatakiwi.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1962 Stephanie Shirley, aliyeingia Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi, alianzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta, wafanyakazi wake wakiwa wanawake walioacha ajira kwa sababu ya ndoa na watoto. Waliandika programu majumbani mwao, juu ya meza za kulia. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Wao ndio walioandika programu za kisanduku cha kurekodi safari za ndege ya Concorde. Lakini Shirley alilazimika kutia sahihi barua zake kwa jina "Steve" ndipo zijibiwe, na alipopigiwa simu alicheza ukanda wenye mlio wa taipureta ili mteja asisikie mtoto akilia. Kazi ilikuwa bora. Kilichofichwa ni mtoto.

Sisi bado tunaficha. Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke. Miaka miwili kabla ya hapo Bunge hilo hilo lilikuwa limepitisha Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Nimeingia ofisi nyingi katika mji huu. Mahali pa kuswali papo, pa kuegesha pikipiki papo, na meza ya chai ipo. Chumba hicho sijakiona, na mwezi wa kwanza wa kiti changu nilikamua maziwa ya mwanangu katika stoo ya karatasi, mlango nimeuzuia kwa mguu.

Nami sitajidai kwamba nimeshika mbili kwa nguvu zangu. Ninashikiwa. Kuna mama mmoja anayeishi nasi Bulla Pesa na kulea wanangu. Namlipa, namchangia NSSF, Jumapili ni yake. Yeye ana wawili wake, wako Garbatulla kwa bibi yao. Mwezi uliopita aliomba siku tatu kwa sababu mdogo alikuwa na malaria. Ilikuwa wiki ya wakaguzi wa hesabu. Nikamtazama, na swali lililonitoka mdomoni lilikuwa lile lile la mwenyekiti: "Na hawa wa huku, utawaachia nani?"

Hakunijibu. Alisimama akishika ncha ya leso yake. Nikamwomba radhi, nikampa nauli, akaondoka na gari la asubuhi. Siku hizo tatu mume wangu aliomba ruhusa kazini kwake. Bosi wake akamuuliza kama mkewe yuko safarini.