Muhuri wa Mfalme na Mkono wa Mwanachuoni

Wapo wapenzi wa kauri ya kale ya Uchina ambao, washikapo chombo, hukipindua kwanza watazame kitako, na wasipokuta muhuri wa enzi ya mfalme hukirudisha rafuni bila taadhima. Nami nawaona wamekosea mizani, kwani vyombo vya dawati la mwanachuoni, yaani mikebe ya kutilia kalamu za manyoya, vidau vya maji na vijaluba vya wino wa muhuri, vilipata uzuri wao hasa pale amri ya ikulu ilipolegea.

Mwanzoni mwa karne ya 17, hazina ya wafalme wa Ming ilipodhoofika na maagizo yao kwa majoko ya mji wa Jingdezhen yakakoma, wafinyanzi walilazimika kutafuta riziki kwingine, na miongoni mwa wateja wapya walikuwamo wasomi wa miji ya kusini, waliochora kwa wino katika faragha yao na kumdharau mchoraji wa ujira. Mchoraji na mwanachuoni Dong Qichang, aliyefariki mwaka 1636, alikuwa amekwisha wapangia wachoraji nasaba mbili: wa kusini wachorao kilicho moyoni, na wa kaskazini walio mahodari wa mkono tu. Basi mikebe ya zama za mfalme Chongzhen (1627–1644) ikapambwa kwa visa vya kale na kwa milima na maji, mara nyingine pamoja na beti na tarehe, na weupe mwingi ukaachwa mtupu kwa makusudi. Ajabu ni kwamba aliyeipamba alikuwa mtu wa ujira, tena aghalabu akinakili picha za vitabu vilivyopigwa chapa kwa mbao!

Kilele, kwa rai yangu, kilikuja katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya vita vya uasi wa Taiping kuiangamiza Jingdezhen. Cheng Men na Jin Pinqing, wenyeji wa Anhui waliobobea katika uchoraji wa karatasi, walichora juu ya kauri nyeupe iliyokwisha chomwa, kwa weusi wa wino, wekundu hafifu na kijani chepesi, wakifuata namna inayonasibishwa na mchoraji Huang Gongwang wa karne ya 14. Kisha wakatia shairi, tarehe na majina yao wenyewe, mahali ambapo ikulu ingalitaka jina la mfalme peke yake. Rangi hizo, kwa kuwa nyembamba na kuchomwa kwa moto mdogo, hufutika upesi, na wachuuzi huihesabu hali hiyo kuwa aibu ya chombo. Ila mimi, nikipewa hiari, nitauchukua mkebe uliopauka wa Cheng Men na kuwaachia wao ule unaong'aa.