Unga Haufyekwi kwa Panga

Bonde la Mto Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, limezoeleka katika habari za mashamba ya bangi yanayofyekwa na kuchomwa moto. Kazi hiyo ni ya lazima, na Sheria Na. 5 ya mwaka 2015 imeipa nguvu. Lakini ziko dawa za kulevya zisizo na shamba la kufyekwa hapa nchini. Kokeini hutokana na majani ya mti wa koka wa Amerika ya Kusini. Nayo husafirishwa kwa siri, ikiwa unga usiojaza hata kiganja. Panga halitoshi kuulinda mpaka wa Sirari wala njia za ziwani.

Hapana budi, basi, wananchi wafundishwe kuyatambua madhara yake. Unga huo uvutwapo puani hubana mishipa ya damu. Gegedu linalotenga matundu ya pua hukosa damu, hufa na kutoboka. Wengine mgongo wa pua hubonyea. Wengine kaakaa hutoboka, maji ya kunywa yakatokea puani na sauti ikawa ya king'ong'o. Tena kokeini ni dawa ya ganzi: Carl Koller aliitumia mjini Vienna mwaka 1884 katika matibabu ya macho. Ganzi hiyo hiyo humficha mvutaji jeraha lake.

Wafugaji wa Mara watashangaa kusikia kwamba wauzaji wamekuwa wakiichanganya na levamizoli, dawa ya minyoo ya mifugo. Mchanganyiko huo huweza kupunguza chembe nyeupe za damu, na kufanya ngozi ya masikio iwe nyeusi na kuoza.

Tunashauri mambo mawili. Kwanza, kijana afikaye zahanati na damu ya pua isiyokoma aulizwe kwa upole, kama mgonjwa, asije akakimbia kwa hofu ya pingu. Pili, wakazi wa Ukerewe, Ukara na Rukuba wakumbukwe. Kwao, safari ya kumfikia bingwa wa masikio, pua na koo huko Bugando huanza kwa kuvuka maji. Viongozi wa afya wapange siku maalum za mabingwa kuwafuata visiwani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa pua ukishatoboka hujengwa kwa upasuaji tu, nao haufai kitu iwapo mgonjwa hajaacha unga.