Kuku wa stendi ya Vwawa na ukimya wa wasomi

Kijana unayepanda basi Vwawa kurudi chuoni Mbeya, hebu chungulia dirishani. Kuku wananing'inia kwenye baiskeli, vichwa chini. Maksai kalemewa na mkokoteni wa mahindi, fimbo zinamshukia. Nawe unacheka?

Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Inakataza kumtesa mnyama, inagusa hadi usafirishaji na uchinjaji. Lakini ilitungwa kwa Kiingereza! Mwenye mkokoteni angeijulia wapi? Uchaguzi ukifika, picha za wagombea hubandikwa hadi kwenye migomba. Karatasi ya sheria hii umeiona wapi?

Basi jitolee. Andikeni kipeperushi cha Kiswahili, mkigawe mlangoni mwa bweni. Bwana mifugo wa kesho yumo humo, na hakimu pia. Watakuzomea: "Watu wana njaa, wewe watetea kuku!" Wajibu kwamba kuku ataliwa, hakuna aliyekataza. Ila aliyezoea kumpiga asiyeweza kushtaki, nani kakuhakikishia kwamba ataishia kwa ng'ombe? (Waliowahi kuonja virungu wananielewa.)

Karatasi zikibaki usizitupe. Shuka nazo stendi ya Vwawa, uanze na yule mwenye baiskeli.