Mkanda wa Injini: Je, Ni Israfu Kuubadili Kabla Haujachakaa?

SWALI: Ndugu yetu mmoja wa Tanga atuandikia kuwa amenunua motokaa ya Subaru Forester ya mwaka 2009 iliyotoka Japani, na mita yake yaonyesha kilomita 46,000 tu. Fundi amemwambia aubadili mkanda wa taimingi upesi. Ami yake, ambaye ndiye aliyemkopesha sehemu ya fedha, asema kuwa mkanda huo ni wa kilomita 100,000, na kukitupa kitu kizima ni israfu iliyokatazwa. Auliza: Amsikilize nani? Na akitaka kuiuza bila ya kuubadili, je, yampasa kumwambia mnunuzi?

JAWABU: Twamshukuru ndugu yetu, kwani nyumba nyingi hivi leo zina magari ya namna hiyo, na wenyewe hudhani kuwa uchache wa kilomita ni dhamana ya kila kilichomo ndani ya gari. Sivyo.

Mkanda huu ni ukanda wa mpira wenye meno, uliotiwa nyuzi madhubuti ndani yake. Kazi yake ni kuunganisha mhimili mkuu wa injini, unaozungushwa na pistoni, na ile mihimili midogo inayofungua na kufunga valvu. Mhimili mkuu uzungukapo mara mbili, midogo huzunguka mara moja, wala haina ruhusa ya kuteleza hata jino moja. Katika injini nyingi, na ya ndugu yetu ni miongoni mwao, pistoni na valvu hupita mahali pamoja kwa zamu. Ukikatika mkanda, zamu hupotea: valvu hubaki wazi, pistoni huzigonga, zikapinda. Injini za dizeli ni vivyo hivyo. Ziko injini zilizojengwa zisigongane, nazo huzimika tu. Lakini mtu asijitegemeze kwa hilo pasipo kuwa na hakika.

Tena mkanda huu si ule uonekanao ukifungua boneti, unaozungusha jenereta na vinginevyo. Huu umefichwa ndani ya kifuniko chake. Wala si kila gari linao. Vitz, IST na Probox zenye injini za NZ hutumia cheni, ambayo haina siku maalumu ya kubadiliwa maadamu oili yabadilishwa kwa wakati wake. Basi mwenye gari la namna hiyo asikubali kutozwa fedha za mkanda usiokuwamo. Nasi twajua kuwa jambo hilo hutendeka.

Sasa tuje kwenye kilomita. Ni kweli kwamba kwa injini nyingi za Kijapani zenye mkanda huu kiwango kinachotajwa ni kilomita 100,000 au karibu na hapo. Lakini watengenezaji wengi hutaja na miaka pia, wengine 7, wengine 8, wengine 10, na husema: lolote litakalotangulia. Ami yake ameshika nusu ya maneno, nayo ni nusu ya kweli. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa. Joto la injini huukausha, hewa huula, na tone la oili likivuja juu yake huulainisha na kuuharibu. Gari likisimama miezi mingi, mkanda hubaki umekunjwa mahali pale pale.

Na kuna jambo jingine ambalo mita hailihesabu kabisa. Gari likiwa kwenye foleni, magurudumu yamesimama na mita imesimama, lakini injini yazunguka kiasi cha mara 700 kwa dakika, yaani mara 42,000 kwa saa moja, na mkanda wafanya kazi muda wote huo. Mzee aliyekuwa akienda sokoni tu na kurudi huenda aliuchosha mkanda wake kuliko msafiri wa njia ndefu mwenye kilomita maradufu.

Gari la ndugu yetu limepita miaka 15. Kama hapana ushahidi kuwa mkanda ulibadiliwa, rai yetu ni ya yule fundi: aubadili sasa, wala asingojee. Asidanganywe na sura ya mkanda. Ukionekana na nyufa, au jino limetoka, au una oili, hiyo ni dalili ya kubadili siku hiyo hiyo; lakini kutokuonekana dalili si ithbati ya uzima. Gari la miaka mitano au sita lenye kilomita chache ni jambo jingine; hilo latazamwa na kuachwa.

Ushahidi wenyewe hupatikana. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika karatasi ndogo ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadiliwa. Mwaka huenda umeandikwa kwa hesabu yao wenyewe, na sisi tunaohesabu kwa Hijria hatuna haki ya kulistaajabia hilo. Mwaka wa Heisei waongezewa 1988: Heisei 21 ni 2009. Mwaka wa Reiwa waongezewa 2018.

Ama israfu, ni kutoa mali pasipo na manufaa au kupita kiasi. Bwana Mtume (S.A.W.) amekataza pia kuipoteza mali, na kuiacha injini nzima ivunjike kwa kuuhurumia mkanda mmoja ni karibu zaidi na katazo hilo. Tena si mali peke yake. Injini ikizimika ghafla katika kona za kupanda Lushoto, usukani huwa mzito, na breki baada ya kukanyagwa mara chache hupoteza msaada wake, na garini wamo mama na watoto. Ndugu yetu amwendee ami yake kwa adabu, pamoja na fundi, amweleze haya kabla ya kutumia fedha, kwani ana haki mbili juu yake, ya uzazi na ya deni.

Kuhusu kuuza: amwambie mnunuzi. Muuzaji aijuaye aibu ya kitu chake hana ruhusa ya kuificha, na ikidhihiri mnunuzi ana hiyari ya kukirudisha. Kwa madhehebu yetu ya Shafii asikawie akishaijua. Kusema, “Mkanda haujabadiliwa, nimepunguza bei kwa ajili yake,” kwatosha. Na wale wanaorudisha mita nyuma wajue kuwa wao ni ndugu wa mtu aliyeacha kumkama mnyama siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alikataza hilo, akampa mnunuzi hiyari ya kumrudisha.

Siku ya kubadili, vibadilishwe pamoja na mkanda vile vigurudumu vinavyouongoza na kuukaza, na sili za oili zilizo karibu. Pampu ya maji katika Subaru hiyo huzungushwa na mkanda huo huo, nayo ibadilishwe, kwani ikifa mwakani kazi yote ya kufungua italipwa tena. Kisha aandike tarehe na kilomita, abandike ndani ya boneti.